Kikao Kabla ya Kikao

Huku Mnazi barua ya kuitwa shuleni ina maana mbili tu: ama mtoto amefanya kosa, ama kuna mchango haujalipwa. Kwa hiyo mzazi akiipokea, hata kabla hajasomewa, anaanza kutafuta kosa au kutafuta pesa. Siku ikifika anakaa kwenye ukingo wa benchi, mkoba magotini, akisubiri mashtaka. Atasema "ndiyo, mwalimu" kila anapotazamwa. Ataweka sahihi au dole gumba mahali atakapoonyeshwa. Kisha atatoka nje na kumuuliza mtu wa kwanza atakayekutana naye: "Hivi wamesemaje?"

Kwa miaka kadhaa kazi yangu, ile yenye posho na ile isiyo na posho, imekuwa kukaa na familia siku chache kabla ya siku hiyo. Ni familia za watoto wenye ulemavu, au za watoto ambao shule imeona hawafundishiki kama wenzao lakini hakuna aliyesema ni kwa nini. Wanaitwa "kupanga kuhusu mtoto". Neno kupanga ni zuri. Tatizo ni kwamba mara nyingi mpango huwa umeshafika ofisini kabla ya mzazi.

Mnazi iko wilaya ya Lushoto, lakini mtu akisikia Lushoto hafikirii Mnazi. Anafikiria baridi, ukungu, matunda damu na kabichi. Mnazi iko chini, upande wa kaskazini wa milima, kwenye uwanda wa joto. Kuna mkonge, kuna mpunga unaonyweshwa kwa maji yanayoshuka kutoka milimani, kuna vumbi, na kuna tembo wanaotoka upande wa Mkomazi na kuingia mashambani usiku. Sisi tuliokulia juu tulifundishwa kuita huku nyika, na neno hilo lilitamkwa kama onyo: nyikani kuna joto, nyikani kuna homa.

Nataja jiografia kwa sababu kwenye elimu maalumu Lushoto ina jina kubwa. Irente kuna shule ya wasioona, na Irente hiyohiyo kuna Shule ya Rainbow ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, zote za Wakilutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Magamba kilianzishwa mwaka 2007 chuo kikuu kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikajulikana kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu. Lakini vyote hivyo vilianzishwa juu. Kutoka Mnazi unadamka alfajiri, unapanda kona moja baada ya nyingine hadi Mlalo, kisha unaendelea hadi Lushoto mjini. Mama mwenye mtoto mgongoni, mtoto wa miaka 8 asiyetembea, hiyo ni nauli, ni chakula cha njiani, na ni ndugu wa kumpa pa kulala. Halmashauri ni moja, lakini mlima uko katikati.

Ndiyo maana kwa familia nyingi za huku mambo huamuliwa palepale kwenye shule ya kijiji, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu yenye meza moja, kabati moja na ramani ya Afrika iliyochanika upande wa Angola.

*

Bibi nitakayemsimulia alikuwa na barua ya aina hiyo. Mjukuu wake alikuwa na miaka 11, yuko darasa la pili kwa mara ya tatu. Akiwa na miaka mitatu aliugua malaria kali iliyomtia degedege, na tangu hapo anaanguka. Kifafa. Anaongea polepole, anatafuta neno kama mtu anayetafuta sarafu gizani, na darasani hilo linatosha kumfanya aonekane hana neno kabisa. Mama yake anafanya kazi za ndani Dar es Salaam na hutuma pesa anapoweza. Baba hayumo kwenye habari hii.

Barua ilisema bibi afike siku ya Alhamisi "kwa ajili ya kujadili hatima ya mwanafunzi". Hatima. Bibi alinisomesha neno hilo mara mbili. Kiswahili chake ni cha gulioni na cha msikitini, nyumbani wanaongea Kisambaa, na hilo neno alilifahamu kwa sehemu moja tu: mawaidha ya msibani.

"Kwani amekufa?" akauliza.

Tulijua shule ilikuwa inaelekea wapi. Mwezi uliotangulia mtoto alikuwa ameanguka mstarini asubuhi, mbele ya shule nzima, na walimu wawili walikuwa wamekimbia. Sisemi kwa kuwalaumu. Watu wengi huku bado wanaamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa na wewe utaanza kuanguka. Mwalimu wa darasa alikuwa binti wa mwaka wake wa pili kazini, na darasa lake lilikuwa na watoto wanaokaa wanne wanne kwenye dawati la wawili. Aliogopa mtoto asije akafia mikononi mwake. Kwa hiyo shule ilikuwa na mapendekezo mawili. La kwanza, mtoto apelekwe bweni la watoto wenye mahitaji maalumu, mbali, huko juu, ikipatikana nafasi. La pili, wakati nafasi inasubiriwa, akae nyumbani.

Mtu aliyeishi Tanzania anajua "wakati inasubiriwa" hudumu muda gani.

*

Ninapofika kwa familia, swali langu la kwanza huwa hili: mtoto anaweza nini? Karibu kila mara jibu huja kinyume. Hawezi kuhesabu. Hawezi kukaa. Hawezi kufunga vifungo. Si kwamba hawampendi. Ni kwamba kwa miaka yote hakuna mtu wa ofisini aliyewauliza jambo jingine. Hospitali iliuliza hawezi nini. Shule iliuliza hawezi nini. Mganga aliuliza nani amemfanya asiweze. Mzazi amezoea kumweleza mtoto wake kwa orodha ya mapengo.

Kwa hiyo ninaacha swali na kuomba nisimuliwe siku moja. Jana, tangu jogoo. Nani aliamka kwanza? Alikunywa chai na nini? Nani alichota maji? Hapo ndipo mtoto anapoanza kuonekana. Bibi alinisimulia jana yake bila haraka huku akipepeta mchele, na katikati akasema, kama jambo la kawaida, kwamba mtoto ndiye anayemkumbusha siku za magulio. Leo gulio liko hapa, kesho liko kule, keshokutwa kuna la kijiji cha pili. Hakosei. Na akisikia pikipiki kwa mbali anasema ni ya nani kabla haijatokeza.

Nilikuwa nimeona daftari lake la shule. Mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba hajui siku za juma.

Anazijua zote saba. Anazijua kwa majina ya magulio.

Nililiandika hilo kwenye karatasi, kwa maneno yake bibi, na kumsomea. Alicheka. Alisema hakujua kama hilo ni la kuandikwa. Sehemu kubwa ya kazi hii ni hiyo: kumwonyesha mtu kwamba analolijua ni la kuandikwa. Shule inamwona mtoto saa chache, katikati ya wenzake lukuki. Bibi anamwona usiku, akiwa mgonjwa, akiwa na furaha, akiwa na njaa. Kwenye ile meza, yeye ndiye mtu mwenye habari nyingi kuliko wote, na ndiye anayekaa kwenye ukingo wa benchi.

Jambo la pili lilikuwa kuanguka kwenyewe. Nilimuuliza: anaanguka mara ngapi? "Mara nyingi." Lini? "Wakati wowote." Majibu hayo ni ya kweli lakini kwenye kikao hayasaidii, kwa sababu "wakati wowote" ndilo hasa neno linalomwogopesha mwalimu. Kwa kawaida naomba familia iweke daftari. Bibi hakusoma. Lakini ukutani, pembeni ya mlango, kulikuwa na kalenda ya duka moja la pembejeo, yenye picha ya gunia la mbolea. Tukakubaliana: siku akianguka, weka msalaba kwa mkaa. Siku dawa zikiwa zimekwisha, weka duara. Binti wa jirani, wa darasa la sita, akawa anamwonyesha tarehe ya leo iko wapi.

Kikao kilikuwa kimesogezwa mbele mara mbili, na huku hilo si ajabu: afisa amesafiri, mara kuna mtihani, mara kuna msiba. Safari hii ilitufaa. Tulipata wiki saba. Na wiki ya saba kalenda ilikuwa inaongea. Misalaba haikuwa wakati wowote. Ilikuwa imekusanyika sehemu mbili, na sehemu zote mbili zilikuwa zimetanguliwa na maduara, yaani siku ambazo bibi alikwenda kufuata dawa akaambiwa zimekwisha, arudi wiki ijayo. Siku ambazo mtoto alikuwa na dawa na amelala vizuri, kalenda ilikuwa nyeupe.

Bibi aliitazama kwa muda mrefu. Hakuwa amemaliza hata darasa moja, lakini utafiti wake ulikuwa ukutani.

*

Kuna watu wanaofikiri kuandaa familia ni kuwafundisha sheria. Sheria ipo, na ni nzuri. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na apewe msaada unaolingana na ulemavu wake. Ada nayo imefutwa kwenye shule za msingi za serikali. Huwa naieleza sheria hiyo, lakini kwa lengo moja: mzazi ajue haendi kuomba sadaka. Baada ya hapo namwambia aiweke mfukoni. Ukiingia ofisini na kifungu cha sheria mkononi, mwalimu mkuu naye ataingia na waraka wake, na mtoto atabaki nje ya mlango.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anaishi Marekani, na kazi yake moja ni kuwakalimania wazazi Wakongo wanaoongea Kiswahili kwenye vikao vya namna hii. Huko kikao hicho si hisani ya mwalimu mkuu. Tangu sheria yao ya mwaka 1975, kila mtoto anayepata elimu maalumu huandikiwa mpango wake peke yake, mpango hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, mzazi ni mjumbe wa kikao, na shule haiwezi kuanza huduma hizo kwa mara ya kwanza bila yeye kukubali kwa maandishi. Asipoielewa lugha, shule inapaswa kumtafutia mkalimani. Nilimwonea wivu. Akaniambia nisiharakishe. Mama aliyekulia Kivu, alisema, anapewa karatasi nyingi, anazungukwa na watu sita wenye vyeo, anatabasamu, anasema ndiyo kwa kila kitu, anasaini. Kwao mwalimu hapingwi. Wakitoka kwenye maegesho ya magari anamshika mkono na kumuuliza: "Ndugu, wamesema nini?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali ni lilelile la nje ya ofisi yetu. Sheria inaweza kumfungulia mtu mlango na kumwekea kiti. Jinsi ya kukaa kwenye kile kiti ni somo jingine, na hakuna bunge linaloweza kulifundisha.

*

Nilimuuliza bibi atakwenda na nani. Akasema peke yake, kwani kuna mwingine?

Sijawahi kuona familia ya huku ikimtuma mtu mmoja kupeleka posa. Anakwenda mshenga, wanakwenda wazee, mmoja anaongea na mwingine anakumbuka kilichosemwa. Kuku akigombaniwa, watu wanakwenda wawili kwa mjumbe. Ila kwa mtoto mwenye ulemavu mama au bibi anakwenda peke yake, kwa sababu aibu haina mshenga. Nikamwambia hivyo. Akafikiri, kisha akamtaja mdogo wake wa kiume, ambaye mtoto anamwita babu ingawa si mzee sana.

Huyo babu alikuwa tatizo. Ana shamba la mpunga, na mpunga ukianza kukomaa ndege hushuka kwa maelfu. Mtoto alikuwa hodari wa kuamia. Alikuwa na sauti, alikuwa na kombeo, na hakuchoka. Kwa babu, barua ya shule ilikuwa habari njema: kama mtoto hasomeki, basi aje shambani, angalau apate faida. Na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anamlisha, na alikuwa hamchapi.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha Alhamisi kulikuwa na kikao cha Jumanne, uani kwa bibi, na kwa maoni yangu hicho ndicho kilichokuwa kikao chenyewe. Familia ikienda imegawanyika, ofisi haihitaji kuamua chochote. Itasubiri tu mpaka mmoja amkane mwenzake. Tulimpigia simu mama yake Dar es Salaam, tukaweka spika. Alilia kwanza, kisha akasema anataka mwanawe ajue kuandika jina lake. Bibi alisema hataki bweni, kwa sababu huko juu hakuna atakayejua kwamba kabla ya kuanguka huwa anashika sikio. Babu alisikiliza yote, akatema mate pembeni, akasema atakuja lakini hataongea.

Tukachagua maombi matatu. Sio kumi, matatu. Mtu mwenye maombi kumi hujibiwa "tutaangalia". La kwanza: mtoto aendelee na shule hapahapa. La pili: walimu wawili na wanafunzi wawili wakubwa waonyeshwe la kufanya akianguka. La tatu: aulizwe maswali kwa mdomo, na siku za juma zianzie kwenye magulio. Mimi nikakaa kwenye kigoda, nikawa mwalimu mkuu. Nilimkatiza. Nilimwambia sina muda. Nilimwambia, "Bibi, huyu mtoto ni mzigo kwa darasa." Mara ya kwanza aliinamisha kichwa. Mara ya tatu alisema, "Mzigo nimeubeba mimi miaka minane, nakuomba uushike upande mmoja." Jirani aliyekuwa anasikiliza nyuma ya ua wa makuti akasema, "Hapo sawa!"

*

Alhamisi walikuwapo mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa, mjumbe wa kamati ya shule, Afisa Elimu Kata na mwenyekiti wa kitongoji. Mimi nilikaa nyuma, karibu na kabati. Nilikuwa nimemwambia bibi sitaongea isipokuwa akinitazama.

Kuna jambo moja ambalo sikulifundisha, na lilifanya kazi kuliko yote. Bibi aliingia amejifunga kanga mbili safi, akasimama mlangoni, akanyamaza. Hakukimbilia kukaa. Mwalimu mkuu, mtu wa miaka arobaini hivi, akainuka nusu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Na wengine wote, mmoja mmoja, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mvua je. Mpaka salamu zinaisha yeye ndiye alikuwa mkubwa chumbani. Alipokaa, alikaa katikati ya benchi.

Mwalimu mkuu alianza kama tulivyotarajia. Alieleza kwa upole, na hoja zake zilikuwa na uzito: darasa limejaa, mwalimu mmoja, hakuna aliyesomea elimu maalumu, na mtoto akiumia shuleni wa kwanza kuulizwa ni yeye. Bibi alimwacha amalize. Kisha akafungua mkoba, akatoa kalenda iliyoviringishwa, akaitandaza mezani juu ya makaratasi yao. Gunia la mbolea likawa limewaangalia.

Akaeleza msalaba ni nini na duara ni nini. Aliongea Kiswahili chake kilekile cha gulioni. Mwalimu wa darasa aliinama akaitazama, akaanza kuhesabu kwa kidole, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba siku ile ya mstarini ilikuwa pia ni wiki dawa zilikuwa hazipo. Bibi akasema ndiyo. Afisa Elimu Kata akatoa simu akapiga picha kalenda. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya jambo jingine. Swali halikuwa tena mtoto apelekwe wapi. Lilikuwa nani atatuambia dawa zikikaribia kwisha.

Mjumbe wa kamati hakuridhika. Alisema, na alisema bila ukali, kwamba si bora mtoto akae shambani na babu yake, ambako hachekwi na mtu?

Babu alikuwa ameahidi kutoongea. Alikohoa.

"Akianguka shuleni," alisema, "anaangukia watu. Akianguka kwangu, anaangukia maji."

Jaruba la mpunga halina kina. Kwa mtu aliyepoteza fahamu kifudifudi, halihitaji kina. Hakuna aliyejibu. Nadhani hata bibi alikuwa hajawahi kumsikia akilisema, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa amelibeba muda mrefu, kila mtoto alipopotea machoni pake nyuma ya mpunga.

Yote matatu yalikubaliwa. Mwalimu wa darasa aliuliza swali moja, kama ni kweli kwamba unatakiwa kumtia kijiko mdomoni. Bibi akanitazama. Nikasema hapana, usitie kitu chochote mdomoni. Msogezee vitu vigumu mbali, mlaze ubavu, mlegezee kola, tazama saa. Ikipita dakika tano, apelekwe hospitali. Na povu haliambukizi. Aliandika kila neno. Kisha bibi akafanya jambo la mwisho tulilolifanyia mazoezi: aliomba maamuzi yasomwe kwa sauti, na tarehe ya kikao kijacho itajwe. Mwalimu mkuu aliyasoma. Karatasi ilipigwa mhuri, binti wa jirani akaipiga picha, na nakala ikakunjwa ndani ya kalenda.

*

Ningependa kuishia hapo. Lakini mwalimu wa darasa alihamishwa miezi minne baadaye, kumfuata mume wake mkoa mwingine. Mwaka uliofuata mwalimu mkuu naye akahama. Aliyekuja alikuta faili lenye karatasi ambayo hakuhudhuria kuandikwa kwake, na mtoto anayeanguka. Posho ya safari zangu nayo ilikwisha, kama zinavyokwisha, na mimi nikapangiwa tarafa nyingine.

Zamani nilidhani kazi hii ni daraja: shule upande huu, familia upande ule, mimi katikati. Sasa nafikiri vingine. Mipango yetu yote mizuri tunaiweka mikononi mwa watu wenye barua za uhamisho. Mwalimu anahama, afisa anahama, mradi unafungwa, anayejua kumlaza mtoto ubavu anamaliza darasa la saba na kwenda kwao. Mtu pekee kwenye ile meza asiyehamishwa ni yule aliyekuja amejifunga kanga. Kama mpango haukai kwake, kwa lugha yake, kwenye ukuta wake, haukai popote. Kumwandaa kwa kikao kimoja ni jambo dogo. Linalotakiwa ni kwamba aweze kukianzisha kikao kingine sisi wote tukiwa hatupo.

Bibi alikianzisha. Sikuwapo, nilisimuliwa kwa simu. Hakusubiri barua. Wiki ya pili ya muhula alikwenda na kalenda mbili, ya mwaka jana na ya mwaka mpya, na nakala yenye mhuri, na mdogo wake. Mwalimu mkuu mpya alimwambia hana miadi. Akasema atasubiri chini ya mwarobaini. Alisubiri mpaka saa nane. Walimu waliokuwa wanapita walimpa shikamoo, wote, na yeye akawaitikia wote, na nadhani mwishowe ile kelele ya marahaba ndiyo iliyomtoa mwalimu mkuu nje.

Mtoto yuko darasa la tatu. Bado hasomi. Anaandika jina lake, herufi moja imegeuka, na mama yake ameiweka picha yake kwenye simu. Mwaka huu dawa zilikwisha mara moja, kalenda ina misalaba mitatu, na mara moja kati ya hizo alianguka darasani, na mvulana wa dawati la nyuma alimlaza ubavu kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni.

Mwezi uliopita bibi alinipigia. Baada ya salamu ndefu aliniuliza kama ni kweli kwamba kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi watoto wenye mahitaji maalumu huongezewa muda. Nikamwambia ndiyo, lakini lazima shule iwaombee mapema, na kwamba mjukuu wake yuko darasa la tatu, kuna miaka kadhaa mbele.

"Mapema ni lini?" akauliza.

Nikasema nitaulizia.

"Ulizia," alisema. "Na uandike. Siku ukija nitaitia ukutani."